Next Gen ATP Finals: maswali ambayo wapenzi wa tenisi wa Tanga huuliza mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaocheza tenisi hapa Tanga, kwa wazazi wao, na kwa watu waliokutana na mchezo huu kwenye simu wakataka kujua kinachoendelea. Mengi huulizwa Disemba, mashindano yenyewe yanapokaribia. Pale ambapo jambo linamgusa kijana wa huku kwetu nimejibu kwa kirefu. Pale ambapo jibu ni moja tu, nimelisema na kuendelea.

Haya ni mashindano gani hasa?

Ni mashindano ya kufunga msimu kwa vijana wa kiume wanaocheza tenisi ya kulipwa. Yanaandaliwa na ATP, chombo kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume duniani. Wakubwa hufunga msimu wao Turin, Italia, wakiwa 8 bora wa mwaka. Vijana nao wana ya kwao, na idadi ni hiyohiyo, 8.

Yalianza mwaka 2017 jijini Milan. Mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya korona. Mwaka 2023 yalihamia Jeddah, Saudi Arabia, na huko ndiko yalikochezwa pia 2024 na 2025, ndani ya ukumbi wa King Abdullah Sports City, kwenye uwanja mgumu. Kwa hiyo upepo na jua la pwani ya Bahari ya Shamu havimfikii mchezaji.

Mwisho ni umri gani?

Kuanzia 2024, mwisho ni miaka 20. Kabla ya hapo ilikuwa 21. Kinachohesabiwa ni umri utakaokuwa nao mwaka huo ukiisha, kwa hiyo mwaka 2025 waliruhusiwa waliozaliwa 2005 na kuendelea.

Watu wengi huyachanganya na mashindano ya watoto. Hawa si watoto wa shule wanaoshindania kikombe cha wilaya. Ni wachezaji wa kulipwa wanaosafiri dunia nzima mwaka mzima na kupambana na watu wazima. Wengine hufika kwenye mashindano haya wakiwa tayari wameshamtoa mchezaji mkubwa kwenye mashindano makubwa.

Wanachaguliwaje?

Kwa pointi walizovuna msimu huo. Vijana wote wenye umri unaotakiwa hupangwa kwa pointi za mwaka, na wa juu ndio wanaokwenda. Wakati mwingine mwenyeji huachiwa nafasi moja ya mwaliko. Milan ilipokuwa mwenyeji mwaka 2017, 2018 na 2019, nafasi hiyo ilikwenda kwa Mwitaliano. Ile ya 2019 alipewa kijana wa miaka 18 aitwaye Jannik Sinner, naye akalitwaa kombe lenyewe. Jeddah mwaka 2023 ilimwalika Abdullah Shelbayh wa Jordan.

Hutokea pia kijana akafuzu na asiende. Mwaka 2017 Alexander Zverev alikuwa na umri unaoruhusu na pointi za kutosha, lakini alikuwa amefuzu pia mashindano ya wakubwa, ambayo wakati huo yalichezwa London. Akachagua London. Kwa hiyo ukiona jina kubwa limekosekana kwenye orodha, usidhani moja kwa moja kwamba ameumia.

Mbona matokeo yanaandikwa 4-2, 4-3? Seti si mpaka gemu 6?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na lina haki ya kuulizwa.

Kwenye tenisi ya kawaida seti ni gemu 6, na lazima umpite mwenzako kwa gemu 2 au mmalizane kwa taibreki, yaani gemu maalumu ya kuamua seti, mkifika 6-6. Kwenye Next Gen seti ni gemu 4 tu. Mkifika 3-3 mnaingia kwenye taibreki. Mechi ni seti 3 kati ya 5. Ukipiga hesabu utaona mechi fupi kabisa ina gemu 12, na ndefu kabisa ina 35.

Halafu kuna suala la 40-40, yaani wachezaji wawili wakilingana pointi mwishoni mwa gemu. Huku kwetu mkifika hapo lazima mtu ashinde pointi mbili mfululizo, na gemu moja inaweza kwenda na kurudi mpaka watazamaji wachoke. Kwenye Next Gen inachezwa pointi moja tu, na hiyo ndiyo inayoamua gemu. Hakuna kurudi.

Tazama fainali ya 2024. João Fonseca wa Brazil alimfunga Learner Tien wa Marekani 2-4, 4-3, 4-0, 4-2. Alipoteza seti ya kwanza, ya pili ikaenda hadi taibreki. Angeipoteza ile taibreki angekuwa nyuma kwa seti mbili. Badala yake akaishinda, kisha akamaliza seti iliyofuata bila mwenzake kupata hata gemu moja. Kwenye seti ndefu unaweza kusinzia gemu mbili na bado ukarudi. Kwenye seti ya gemu 4, ukipoteza gemu moja uliyoanzisha wewe, seti karibu imekwenda.

Wapo wanaosema huu si mchezo kamili, na naelewa wanachokitetea: tenisi ndefu hupima pumzi, na pumzi ni sehemu ya mchezo. Hata hivyo naona kanuni hizi zinapima kitu kingine ambacho vijana wengi wamepungukiwa nacho, nacho ni kucheza pointi nzito bila mkono kutetemeka. Kwenye mechi ya kawaida pointi nzito huja mara chache. Hapa huja kila baada ya dakika chache, na kijana hana pa kujificha.

Kuna kanuni nyingine za tofauti?

Zipo, na nyingine leo zimekuwa kawaida kila mahali. Mwaka 2017 Milan haikuwa na waamuzi wa mstari hata mmoja. Alikuwapo mwamuzi wa kitini peke yake, na kamera ndizo zilizosema mpira umetoka au umeingia. Wakati huo watu walilalamika kwamba uwanja umebaki mtupu. Mwaka 2025 utaratibu huo ukawa wa mashindano yote ya ATP, na Wimbledon nayo ikawaondoa waamuzi wa mstari mwaka huohuo. Paris, kwenye Roland Garros, ndiko bado wanasimama.

Saa ya kuhesabu sekunde 25 kati ya pointi na pointi nayo ilionekana Milan kabla ya kuenea kwingine. Kuzungumza na kocha wakati wa mechi vilevile: Milan walitumia vipokea sauti vya kichwani, wakati huo kwingine kocha akikunja uso tu mchezaji aliweza kupewa onyo. Tangu 2025 kanuni za dunia zinaruhusu kocha kutoa maelekezo kutoka kwenye kiti chake. Mwaka 2018 wachezaji walianza kujifuatia taulo wenyewe badala ya kurushiwa na watoto waokota mipira. Binafsi ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Nyingine hazikushika. Milan ya mwanzo, sevu, yaani mpira wa kuanzisha pointi, ikigusa wavu na kuangukia ndani mchezo uliendelea, bila kurudia. Kwenye mashindano ya kawaida bado inarudiwa.

Na uwanja wenyewe hauna mistari ya mchezo wa wawili wawili. Umechorwa upana wa mita 8.23 tu, kwa mchezaji mmoja mmoja. Ukiuona kwenye televisheni unaonekana mwembamba, lakini ni uleule.

Makundi yanakwendaje?

Kama AFCON, ila kwa watu wachache. Makundi mawili ya wachezaji wanne wanne, kila mmoja anacheza na wenzake watatu, wawili wa juu wanakwenda nusu fainali. Maana yake ukipoteza mechi ya kwanza bado umo.

Nani wamewahi kushinda?

Wa kwanza alikuwa Hyeon Chung wa Korea Kusini, 2017. Akafuata Stefanos Tsitsipas wa Ugiriki 2018, Sinner 2019, Carlos Alcaraz wa Hispania 2021, Brandon Nakashima wa Marekani 2022, Hamad Medjedovic wa Serbia 2023, Fonseca 2024, na Tien 2025. Tien ndiye aliyefungwa fainali ya mwaka uliotangulia. Alirudi, akamfunga Alexander Blockx wa Ubelgiji.

Kwa hiyo bingwa wa hapa ndiye atakuwa namba moja wa dunia?

Wawili wamefika. Alcaraz alishinda Milan Novemba 2021, na Septemba 2022 alikuwa amebeba US Open na kuwa namba moja wa dunia akiwa na miaka 19, mdogo kuliko wanaume wote waliowahi kukaa pale tangu orodha ianze 1973. Sinner alisubiri zaidi: Milan 2019, namba moja Juni 2024.

Lakini msome na Chung. Miezi miwili baada ya Milan alimfunga Novak Djokovic kwenye Australian Open, akafika nusu fainali. Kila mtu aliona nyota imezaliwa. Majeraha yakamrudisha nyuma, na hakufika tena pale. Kipaji alikuwa nacho, mwili ndio uliomkatalia.

Halafu waangalie waliokwenda wakarudi bila kombe. Daniil Medvedev alikuwa Milan 2017 na hakushinda. Mwaka 2021 alichukua US Open. Jakub Mensik wa Cheki alikuwa Jeddah Disemba 2024 na hakushinda. Machi 2025 alimfunga Djokovic kwenye fainali ya Miami. Taylor Fritz alipita Milan 2018, akaja kucheza fainali ya US Open 2024.

Wazazi nawaomba sana waitazame orodha hii kwa makini, kwa sababu nimeona mtoto wa miaka 13 akiambiwa amechelewa. Kombe hili linaonyesha nani amefanya kazi nzuri mwaka huo. Halisemi nani atakuwa nani miaka mitano baadaye, na anayefungwa pale hajafungiwa mlango wowote.

Bingwa anapata pointi ngapi za viwango vya dunia?

Hapati hata moja. Ushindi wa hapa haumpandishi mtu kwenye orodha ya dunia.

Sasa wanakwenda kufanya nini?

Pesa ni sababu ya kweli, tusiione haya. Zawadi za jumla mwaka 2024 zilizidi kidogo dola milioni 2, na Fonseca, ambaye hakupoteza mechi hata moja, aliondoka na zaidi ya dola nusu milioni. Kwa kijana anayejilipia kocha, daktari wa viungo na tiketi za ndege mwaka mzima, hiyo ni misimu kadhaa ya kusafiri bila kukopa.

Sababu ya pili ni kalenda. Mashindano ya 2024 yaliisha tarehe 22 Disemba. Fonseca hakwenda kupumzika kwa muda mrefu: alikwenda Australia, akashinda mashindano ya Canberra ya Challenger, ngazi iliyo chini tu ya mashindano makubwa ya ATP, akapita mechi za kufuzu za Australian Open, kisha raundi ya kwanza akamfunga Andrey Rublev, aliyekuwa wa 9 kwenye orodha ya mashindano hayo, kwa seti tatu bila jibu. Mechi tano ngumu za Jeddah zilikuwa zimemwandaa.

Kuna Mwafrika aliyewahi kucheza?

Mpaka 2025, hakuna aliyeiwakilisha nchi ya Afrika. Wapo wenye asili ya Afrika: Frances Tiafoe wa Marekani, ambaye wazazi wake walitoka Sierra Leone, alicheza 2018 na 2019. Mikael Ymer wa Sweden, mwenye wazazi Waethiopia, alicheza 2019.

Sababu si damu wala urefu. Pointi hupatikana kwa kucheza mashindano mengi, na mashindano mengi yako mbali na huku. Kijana wa Hispania au Italia anaweza kupanda treni Jumapili akacheza wiki nzima na kurudi kulala kwao. Kijana wa Afrika Mashariki anahitaji viza, ndege na hoteli kabla hajapiga hata mpira mmoja, na akitolewa raundi ya kwanza pesa yote imekwenda. Hapo ndipo tunapoachwa, na jambo hilo linaweza kurekebishwa. Kigali imeonyesha njia: tangu 2024 Rwanda inaandaa mashindano ya Challenger. Mashindano yakija karibu, gharama inashuka kwa kila kijana wa ukanda huu.

Na wasichana?

Haya ni ya wanaume peke yao. Wanawake wana WTA Finals, ambayo tangu 2024 inachezwa Riyadh, lakini hiyo haina ukomo wa umri.

Msichana anayetafuta mfano wa karibu amtazame Angella Okutoyi wa Kenya. Mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya vijana kwa upande wa wawili wawili, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la ngazi yoyote kwenye Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Baadaye akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika iliyochezwa Accra, 2024. Nairobi si mbali.

Mechi zinachezwa saa ngapi kwa saa zetu?

Yakichezwa Jeddah, saa za huko na za Tanga ni zilezile. Hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Angalia tu usomaji: ratiba ikisema 19:00, hiyo ni saa 1 usiku, si saa 7. Kuna watu huketi mchana kutwa wakingoja mechi ambayo itaanza baada ya Magharibi.

Naweza kutazama wapi?

ATP wana huduma yao ya mtandaoni iitwayo Tennis TV, ya kulipia. Kwenye vibanda umiza vya Ngamiani na Makorora usitegemee sana, maana Disemba ligi za mpira wa miguu hazilali na Coastal Union ikicheza hakuna atakayekubali kubadilisha chaneli. Wanaotaka kuona pamoja huchangia bando, wakaiunganisha simu na televisheni ya mmoja wao. Wasio na uwezo huo wanaweza kutazama vipande vifupi ambavyo ATP huviweka YouTube bure, na kwa kujifunza vinatosha.

Mwanangu ana miaka 12, tunakaa Chumbageni. Njia ya kufika huko ikoje?

Mama, njia ipo na ni ndefu. Nitaieleza ilivyo.

Hatua ya kwanza ni mashindano ya ndani, ya mkoa na ya taifa, ambayo mengi huchezwa Dar es Salaam chini ya chama cha tenisi cha taifa. Ya pili ni mashindano ya vijana ya dunia, yanayosimamiwa na ITF, shirikisho la tenisi la dunia, kwa walio chini ya miaka 18. Ngazi ya chini kabisa huitwa J30 na ya juu J500. Nairobi huandaa ya ngazi za chini, na huko ndiko vijana wengi wa ukanda wetu huanzia. Hatua ya tatu ni mashindano ya kulipwa ya kuanzia, M15 na M25. Namba hiyo ndiyo idadi ya pointi anazopata bingwa. Baada ya hapo ni Challenger, kuanzia 50 mpaka 175. Ndipo zinakuja ATP 250, 500 na 1000, na juu yake Grand Slam, ambako bingwa hupata 2000.

Hapo utaona ukubwa wa kazi. Bingwa wa M15 kapata pointi 15 kwa wiki nzima ya jasho.

Kwa miaka 12 hayo yote bado. Anachohitaji sasa ni kucheza mara nyingi, kucheza na wengi tofauti, na kupenda kucheza. Msipoteze pesa kwenye raketi ya gharama. Raketi iliyotumika lakini haijapinda, inayoendana na urefu wake, inatosha. Pesa iliyobaki iende kwenye mipira na nauli. Mipira hupoteza hewa hata ikiwa imewekwa kabatini, na mtoto anayefundishwa kwa mipira iliyokufa anajifunza kupiga kwa nguvu zisizohitajika, kisha bega linauma.

Nauli nayo ifikiriwe vizuri. Sisi Tanga tuko karibu zaidi na Mombasa kuliko Dar es Salaam. Kwa mtoto mwenye hati ya kusafiria, kuvuka Horohoro kwenda kucheza mechi za kirafiki na watoto wa Mombasa kunaweza kumpa wapinzani wapya kwa gharama ndogo kuliko safari ya Dar. Sioni kwa nini hatuifanyi njia hiyo iwe ya kawaida.

Na shule asiache. Chung aliumia akiwa na dunia nzima mkononi. Wa kwetu naye anaweza kuumia.

Tunaweza kutumia kanuni za Next Gen kwenye mazoezi yetu?

Ndiyo, na natamani tuanze wiki hii. Viwanja vyetu ni vichache, watoto ni wengi. Kabla ya saa 10 alasiri sakafu ya saruji inachoma, na saa 12 na nusu giza linaingia. Mkicheza seti za gemu 6, watoto wawili wanacheza na kumi wanakaa ukutani. Seti ya gemu 4 huchukua kama dakika 20 kwa watoto, kwa hiyo uwanja mmoja unaweza kuhudumia jozi sita au saba kabla ya Magharibi.

Anzeni hivi. Seti moja, gemu 4, mkifika 3-3 taibreki ya pointi 7. Kwenye 40-40 pointi moja, na anayepokea achague upande wa kupokelea. Aliyeshinda abaki, aliyefungwa akae kwenye kiti cha mwamuzi ahesabu pointi za mechi inayofuata kwa sauti. Kuhesabu kwa sauti msikuache, kwa sababu mtoto anayehesabu anaiona mechi yote. Sevu ikigusa wavu irudieni kama kawaida, maana kwenye mashindano ya taifa itarudiwa. Mara moja kwa wiki wacheze seti ndefu ya gemu 6, ili pumzi nayo isisahaulike.

Andikeni matokeo kwenye daftari moja linalokaa uwanjani: tarehe, majina, gemu, na nani alishinda zile pointi za 40-40. Baada ya miezi miwili litaonyesha nani anahitaji kusaidiwa wapi.